Kiti cha Kushoto kwenye Gari la Kiingereza

Msicheke kwanza. Najua mtu wa miaka kumi na minane akisema amestaafu, watu wanamwangalia meno kama yanatikisika. Lakini wewe Plamedi, na ninyi wengine mnaojazana kwenye garaji ya Tonton Monga kila Jumamosi mkisema mnataka kazi ya motoka, sikilizeni. Niliingia kazi hii nikiwa na miaka kumi na miwili, nikaifanya mpaka kucha zangu zikakataa kuwa nyeupe, na sasa naiacha. Begi langu liko mlangoni. Wiki ijayo naenda Lubumbashi kwa tantine, yaani shangazi, kusoma umeme. Mtu aliyefanya kazi kisha akaiacha anaitwa mstaafu. Umri hauulizwi.

Naandika kwa sababu kusema kunanishinda, mnanijua. Kanisani wakinipa somo nilisome, sauti yangu inafika safu ya pili inaketi hapo. Na hata kuandika huku si kwa utulivu. Nimeshainuka kwenda kunywa maji nisiyo na kiu. Nimeinuka tena kuangalia kama mama amerudi sokoni. Nimeinuka kwenda uani, nikasimama tu kuziangalia zile gari mbili chini ya turubai, nyekundu na nyeupe, nikarudi. Mama anasema miguu yangu haijakaa tangu siku niliyozaliwa. Habari ya miguu hiyo inakuja.

Zile gari mbili si zetu. Mwenyewe alituachia kwa sharti moja, na sharti hilo ni mimi. Nikiondoka bila mwingine kukaa mahali pangu, zinapandishwa kwenye lori, zinarudi Lubumbashi, na Tonton anabaki na pikipiki za watu wa mtaa wa Kikula hapa Likasi. Pikipiki si kazi mbaya. Lakini mmemwona Tonton anavyotengeneza pikipiki? Anafanya kama mtu anayekula dawa.

Kwa wale msiojua: Tonton Monga ni kaka ya mama. Garaji yake iko nyuma ya nyumba, katikati ya fundi cherehani na mama muuza makala, yale makaa ya kupikia. Anatengeneza kila kitu, ila anachokipenda ni gari ndogo za Kiingereza za zamani, zile za viti viwili, pua ndefu, zilizolala chini kama zinatafuta kitu kilichoanguka. Zilipanda huku kutoka upande wa Zambia, na Wazungu wa migodi. Wenyewe wakaondoka, gari zikabaki kwenye vibanda, chini ya magunia na mavi ya kuku. Sisi tunaziita bankambo, yaani mabibi wazee.

"Juu ya nini bankambo?" nilimuuliza siku za kwanza.

"Juu ya binavuja," akasema, "biko na baridi kila asubuhi, na ukibisukuma binakutukana."

Somo la kwanza, basi: nkambo anavuja mafuta. Msipanike. Siku mkikuta chini yake pakavu, hapo ndipo mpanike, maana mafuta yamekwisha.

Somo la pili ni la spana. Hizi gari zinapimwa kwa inchi. Spana ya kumi na tatu ya kwetu inaingia kwenye nati ya nusu inchi, inaingia vizuri, inakuchekea, na ukiikaza inateleza na kuilamba nati mpaka inakuwa duara kama kidonge. Tonton ana spana zake za inchi alizozipata ng'ambo ya mpaka, na anazilaza kwenye kasha la mbao, kila moja na kitambaa chake. Spana yake ikigusa udongo utasikia jina la ukoo wako. Ikikosekana ile inayofaa, kata kipande cha kopo la maziwa, kizungushe kwenye nati, halafu vaa ya kumi na tatu. Polepole. Usionyeshe nguvu zako, hakuna anayekuangalia.

Na betri! Mungu wangu, betri. Gari la kijani la kutoka mji wa Kambove, ambalo ndilo lililonifundisha, lilipotoka kwenye banda la kuku tuliliwekea betri mpya. Jirani yetu Yaya Fiston (kwetu kaka au dada mkubwa ni yaya), yule anayechajia watu simu kwa paneli za jua umeme wa bwawa la Mwadingusha ukikatika, alikuja kusaidia na redio yake ya kuchezesha nyimbo kutoka kwenye flashi. Alishika waya wa hasi, ule tunaouita moins.

"Tonton, batri yote ya dunia, moins njo inaenda ku chuma."

"Ulisoma motoka ya wapi?"

"Ya bantu."

"Hii haiko ya bantu. Hii ni nkambo. Kwa nkambo, plus njo inaenda ku chuma."

Fiston akanikonyeza, kama kusema mzee amechoka. Tonton alipokwenda kunawa mikono, akafunga waya alivyosoma, akaunga na redio yake. Kwaya ikaimba mstari mmoja. Kwenye kiitikio ukatoka moshi, kwanza mweupe, halafu wa bluu, na soprano akazama taratibu kama mtu anayeingia kisimani. Mpaka leo, mkifungua kifuniko cha injini cha gari lolote la Kiingereza lililopita kwetu, mtaona ndani kumeandikwa kwa rangi nyeupe: PLUS = CHUMA. Fiston mwenyewe alipewa brashi aandike.

Halafu nyundo. Magurudumu ya bankambo yana njiti kama baiskeli, na hayafungwi kwa nati nyingi. Kila gurudumu lina nati moja kubwa katikati, yenye mabawa mawili. Unayapiga mabawa. Ukiyapiga kwa nyundo ya chuma unayavunja, kwa hiyo unataka nyundo laini. Tonton ana nyundo ya shaba, aliyoachiwa na baba yake aliyekuwa akiyeyusha shaba. Mji mzima huu unaishi kwa shaba, na ni wangapi kati yenu mmewahi kushika kipande chake nyumbani? Shikeni ile nyundo. Ni nzito kuliko inavyoonekana, na uso wake umejaa mashimo kwa sababu inakubali kuumia yenyewe, chuma kisiumie.

Kanuni ni hii: ukipiga juu ya nati kuelekea mbele ya gari, unafungua. Kuelekea nyuma, unafunga. Upande wa kushoto na wa kulia, hivyo hivyo. Msifikirie saa inavyozunguka. Fikirieni mbele na nyuma. Fundi wa tairi wa pale njia panda alikataa kunisikiliza, au labda hakunisikia, na mimi sikurudia. Akapiga gurudumu la kulia jinsi anavyofungua nati zote za maisha yake. Alipiga mpaka shati likalowa. Kumbe alikuwa anafunga. Tulitumia mchana mzima kuifungua, na Tonton alimletea maji ya kunywa, akamwambia, "Kunywa, ndugu. Hii gurudumu haitaanguka hata siku ya hukumu."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimesimama tena, nimekaa tena.

Tonton hasikii.

Mnadhani mnajua. Mnadhani ni mzee anayetaka mrudie maneno. Hapana. Ujanani alifanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba, na zile mashine zilimla masikio kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Nilipomjua mimi, alikuwa amebakiwa na ngurumo tu. Na alificha. Mnajua alivyoficha? Kwa kusoma midomo ya mtu aliye mbele yake, na kwa kuongea. Mteja akiingia, Tonton anaanza: habari ya barabara, ya mvua, ya samaki wa ziwani walivyopungua siku hizi, ya mke wa fulani, bila kupumua, ili mtu asipate nafasi ya kumuuliza kitu. Watu wanasema Monga ni msemaji. Mimi nasema ni mtu aliyejenga ukuta kwa maneno.

Nani angempa injini fundi asiyesikia?

Injini aliisikia kwa meno. Anachukua bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, ncha anaigusisha kwenye chuma cha injini, mpini anauma. Anafumba macho. Mtetemo unapanda kwenye mifupa ya taya. Kwa njia hiyo anajua beringi iliyochoka, anajua vali, anajua mengi nisiyoyajua hadi leo. Jaribuni, lakini panguseni mpini kwanza, mate yake yako pale tangu zamani.

Lakini kuna kitu kimoja meno hayasikii: pumzi. Hizi gari zina kabureta mbili pamoja, na zote mbili lazima zivute hewa sawasawa. Moja ikivuta zaidi, injini inachechemea, inakohoa, inakula petroli. Unachukua kipande cha mpira mwembamba, mwisho mmoja sikioni, mwingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza: sssss. Unahamia ya pili: sssss. Ni mlio mdogo kama wa mtu anayevuta pumzi usingizini. Hakuna mtetemo. Ni sikio tu.

Siku niliyoajiriwa nilikuwa nimetumwa na mama kupeleka bukari, ugali wetu, na matembele. Tonton alikuwa ameinamia lile gari la kijani, injini inaguna, na yeye anazungusha skrubu huku na huko kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nikasimama na sahani. Aligeuka, akaniangalia. Kisha akaangalia chini. Akaangalia chini kwa muda, sikuelewa kwa nini, akanipa mpira.

"Weka mu sikio. Ya mbele na ya nyuma, gani inavuta sana?"

"Ya nyuma," nikasema.

"Nini?"

"Ya nyuma."

"Sema na mikono, mutoto! Mudomo yako miye siione!"

Nikanyoosha kidole nyuma. Akapunguza. Nikasikiliza, nikaonyesha kidogo tena. Akapunguza. Ghafla pumzi mbili zikawa moja, na injini nzima ikatulia, ikaanza kuimba chini chini. Tonton akauma bisibisi, akafumba macho, na chakula kikapoa.

Hivyo ndivyo tulivyofanya miaka yote ile. Yeye anaongea sana kwa sababu hasikii, mimi nasikia sana kwa sababu siongei. Kifuniko na sufuria. Mafuta membamba ya kuweka juu ya kabureta tulikuwa tunaazima kwa fundi cherehani, yale ya mashine yake ya kushonea. Andikeni hilo, ni la thamani.

Gari la kijani lilikuwa limenunuliwa na mtu wa Lubumbashi, Patron Gustave, bwana mwembamba anayepiga pasi hata mikono mifupi ya shati. Alituma ujumbe: hataki lije juu ya lori. Lije kwa miguu yake, aliyelitengeneza aliendeshe mwenyewe. Likifika linapumua vizuri, atatupa mengine mawili aliyonayo. Likifika limebebwa, atatafuta fundi kule kule.

Tonton alifurahi siku mbili, kisha akaanza kukosa usingizi. Mimi nilijua kwa nini.

Gari la Kiingereza lina usukani kulia. Barabara yetu tunaendesha kulia. Maana yake ni kwamba dereva yuko kando ya majani, na lori likiwa mbele yake haoni chochote isipokuwa matako ya lori. Ili alipite, lazima mtu aliyekaa kiti cha kushoto achungulie na aseme: bado, au pita. Madereva wengine wa usukani wa kulia wanambeba shemeji, wanambeba yeyote mwenye koo. Tonton alikuwa na mimi. Gari halina paa, upepo wote uko masikioni, dereva kiziwi, na msemaji wake mtu ambaye kwenye hotuba ya shule alisikika na mende tu.

Tukaweka alama. Kofi moja begani: bado. Makofi mawili: pita. Tulijaribu mara nyingi kwenye barabara ya Kambove, ikaenda vizuri, nikaanza hata kujisikia mtu.

Tukaondoka Likasi asubuhi, mama akiwa amefunga kichwa changu kwa kitambaa kama mtu anayepelekwa hospitali. Pale wanapolipisha barabara, dada wa kwenye dirisha aliinama kuniangalia mimi, kwa sababu dirisha lake liko kushoto.

"Weye mutoto, usukani uliacha wapi?"

Nikanyoosha kidole kulia. Akainama zaidi, akamwona Tonton kule mbali.

"Ah! Papa, unaendesha motoka mu chumba ingine?"

Tonton, ambaye hakusikia neno, akaanza kumweleza habari ya mvua.

Baada ya hapo ikawa malori. Malori mbele, malori nyuma, yamebeba mifuko ya madini, yanapanda vilima kama yamekatazwa kufika. Tukapita la kwanza. Tukapita la pili. Bega la Tonton lilikuwa limelowa jasho chini ya kiganja changu. Kwenye la tatu nilichungulia, nikaona kitu cha rangi ya chungwa kinakuja kutoka mbele, lori jingine, limewasha taa. Nikapiga kofi moja. Bado.

Gurudumu la kushoto likaingia shimoni. Mkono wangu ukaruka juu, ukashuka tena begani mwake.

Makofi mawili.

Akatoka. Niliona pua yetu ndefu ya kijani inaingia katikati ya barabara, naona taa, naona kioo cha lile lori linalokuja, hata dereva wake na kofia yake. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ndugu zangu, nataka muelewe jambo hili vizuri, kwa sababu kwenye hadithi za watu hapo ndipo mwenye haya anapiga kelele moja kubwa na kila mtu anaokoka. Mimi sikupiga kelele.

Na Tonton akarudi. Kabla sijamgusa, kabla hajaliona lile lori, usukani wake ukarudi kulia, tukajipenyeza nyuma ya mifuko ya madini, na la rangi ya chungwa likapita na honi iliyonisukuma kitambaa kichwani. Hata yeye nadhani aliisikia hiyo.

Alikwenda kusimama mbele kidogo, pale wanapopanga magunia ya makala kando ya barabara. Akazima injini. Mimi nikalia. Muuza makala akatuangalia, akaona si mambo yake, akaendelea kushona gunia.

"Unalilia nini?"

Nikamwonyesha mkono wangu, nikamwonyesha shimo, ulivyoruka. Nikasema kwa mdomo mpana asome, "Sikusema pita!"

"Miye najua."

"Unajua namna gani?"

Akaninyooshea kidole chini, kwenye miguu yangu. Nilikuwa nimeikaza yote miwili sakafuni mpaka magoti yanauma. Akaniambia niiondoe. Nikaiondoa. Sakafu ya gari lile tuliichomelea mpya na kuipaka rangi nyeusi wenyewe. Upande wa Tonton, kwenye pedali, rangi ilikuwa bado iko. Upande wangu, ambako hakuna pedali hata moja, rangi ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa, madoa mawili, palepale ambapo breki ingekuwa.

"Tangu barabara ya Kambove sitegemee mukono yako," akasema. Kwa mara moja aliongea polepole. "Mukono inafikiri. Inaogopa kunikosea. Lakini hii miguu haiogope muntu. Motoka ikija, inakanyaga. Njia ikiwa wazi, inacheza. Hata ile siku ulileta bukari, mota ilikuwa inakohoa, na miguu yako inakohoa nayo. Njo maana nilikupa mupira."

Maisha yangu yote watu wananiambia, tuliza miguu. Shuleni, kanisani, mezani. Mwalimu mmoja aliwahi kunifunga kamba za viatu pamoja.

"Sasa funga mudomo, funga mukono," Tonton akasema, akawasha injini. "Kaa vile vile unakaaka."

Tukafika Lubumbashi hivyo. Yeye jicho moja barabarani, jicho moja kwenye viatu vyangu.

Patron Gustave alitupokea kwenye uwanja wake. Akalizunguka gari la kijani, huku Tonton anaongea, anaongea: habari ya njiti za gurudumu, ya vumbi, ya bei ya makala. Kule kwenye banda niliona nyekundu na nyeupe, vumbi tupu. Patron akasimama nyuma ya mgongo wa Tonton.

"Vieux, mzee, zima kwanza."

Tonton anaongea.

"Vieux. Zima motoka."

Tonton amefika kwenye habari ya mvua. Patron akaniangalia. Nikaangalia chini. Tonton akaona uso wangu, akageuka, akaona uso wa patron, na maneno yakamwisha. Katika miaka yangu yote sita kwake, ndiyo siku pekee niliyomwona amefika mwisho wa maneno. Alisimama na bisibisi yake kama mtu aliyevuliwa kofia.

"Patron," akasema, "maskio yangu ilibakia ku mashini ya mawe, zamani. Hii motoka nilitengeneza na meno yangu, na maskio ya huyu mutoto."

"Na malori? Uliyapita namna gani?"

"Na miguu yake."

Patron hakucheka. Akafungua kifuniko cha injini, akasoma PLUS = CHUMA, akachukua bisibisi ndogo mfukoni kwake. Alikuwa mjuzi kuliko tulivyofikiri. Akazungusha skrubu ya kabureta moja, nani ajue ipi, mgongo wake umetuziba. Injini ikaanza kuchechemea. Akarudi nyuma, akasema, "Haya."

Nikaingiza mpira sikioni. Mbele. Nyuma. Nikaonyesha kidole mbele, kisha ishara ya chini. Tonton akapunguza. Kidogo tena. Nikafunga ngumi: basi. Injini ikashika pumzi yake. Tonton akauma mpini, akafumba macho, akatikisa kichwa ndiyo.

Patron alisikiliza muda mrefu. Hakusifu. Aliuliza tu, "Hizi mbili mutazichukua lini?" Na tulipokuwa tunaaga, akaninyooshea kidole mimi, akimwangalia Tonton usoni ili amsome midomo: "Bila maskio, vieux, usiziguse."

Ndilo sharti hilo. Mnaelewa sasa kwa nini miguu yangu haitulii leo.

Nilipopata nafasi ya kusoma, nilikaa nayo siku kadhaa bila kumwambia. Nilipomwambia, kwa mdomo mpana, Tonton alifuta mikono muda mrefu sana. "Patron alisema bila maskio hapana," akasema. "Hakusema maskio ya nani. Leta mwengine. Lakini angalia miguu kwanza. Koo kila muntu iko nayo."

Kwa hiyo Jumamosi zote hizi mlipodhani nawaangalia kwa dharau, nilikuwa naangalia viatu vyenu. Samahani. Wengi mna miguu ya wafalme, imetulia. Ila wewe Plamedi, una miaka kumi na miwili, mfupi kuliko wote, na sauti ya mnada, nilikupa mpira wiki iliyopita nikakuuliza ipi inavuta sana, na kabla hujajibu kwa kelele zako, kisigino chako kilishanijibu, kikigonga zaidi kwenye ya nyuma. Nilisikiliza mwenyewe baadaye. Ulikuwa sawa.

Jana Tonton alitoa turubai kwenye ile nyekundu. Akanikalisha mimi kulia, kwenye usukani, kwa mara ya kwanza. Akakwambia wewe ukae kushoto. Yeye akabaki amesimama, mikono mgongoni. Unakumbuka, ulianza kupiga kelele kabla hata sijawasha: "Pita! Pita! Pita, yaya!" na mama muuza makala akacheka mpaka akakaa.

Mimi niliangalia chini. Miguu yako ilikuwa inaning'inia. Haifiki sakafuni. Ulikuwa unaibembeza hewani tu, haina cha kukanyaga, haina cha kusema.

Tonton naye aliiona. Akaingia ndani. Tukasikia chuma kinagonga chuma, akatoka na lile kasha la mbao la spana. Spana zenyewe alikuwa amezimwaga chini, kwenye udongo, zote, vitambaa vimetapakaa. Akainama, akaliweka kasha chini ya viatu vyako, akalisukuma mpaka likakaza.

Miguu yako ilipogusa mbao, ukanyamaza. Kisha kisigino kikaanza.

Nikawasha injini.